Lishe ya kunywa yatuliza utumbo wa mtoto

MTOTO aliyepatwa na ugonjwa wa Crohn, unaovimbisha utumbo na kuutia vidonda, aghalabu huhara, hukonda na hata kudumaa. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa 2014 uliitaja lishe ya kimiminika pekee kuwa tiba ya kwanza ya kutuliza makali yake. Kwa majuma sita hadi manane, mgonjwa hali ugali wala matunda; riziki yake ni kinywaji maalumu chenye virutubishi vyote, akinywe au apitishiwe mrija puani. Hutuliza uvimbe sawa na dawa za steroidi, ila hakizuii mtoto kukua. Kazi ni subira: nani atamshawishi asiguse chapati, ndugu zake wakila? Baadaye chakula hurejeshwa polepole. Kwa ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, jamaa ya Crohn, tiba hii haifui dafu.