Matatizo ya volteji katika pedali ya gitaa

Matatizo ya volteji katika pedali ya gitaa ni hitilafu zinazotokea pale ambapo sehemu za saketi ya pedali hazipati kiasi cha volteji kinachohitajika ili zifanye kazi. Pedali ya gitaa ni kisanduku kidogo chenye saketi ya elektroniki, nacho huunganishwa kati ya gitaa la umeme na amplifaya ili kubadilisha sauti. Pedali nyingi hutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 9, kutoka kwenye betri au adapta.

Watu wengi wanaojifunza elektroniki huanza kwa kujitengenezea pedali, kwa sababu sehemu zake ni chache na bei yake ni nafuu. Ikikamilika bila kutoa sauti, au ikitoa sauti dhaifu inayokatikakatika, mara nyingi mwanafunzi huanza kung'oa sehemu moja baada ya nyingine na kuweka mpya. Njia hiyo ni ya gharama na huharibu ubao. Kupima volteji kwa multimita huonyesha mahali penye kosa bila kung'oa chochote.

Makala hii inatumia mfano wa Fuzz Face, kwa kuwa saketi yake ina transista mbili tu na hutengenezwa sana na wanafunzi.

Saketi ya Fuzz Face

Fuzz Face ilianza kuuzwa na kampuni ya Arbiter mjini London, Uingereza, mwaka 1966. Ilijulikana sana kupitia mpiga gitaa Jimi Hendrix. Kazi yake ni kukuza ishara ya gitaa kupita kiasi hadi vilele vya wimbi vikatwe, na hapo ndipo inapopatikana sauti nzito yenye mkwaruzo.

Pedali za kwanza zilitumia transista za gerimani za aina ya PNP. Baadaye zilikuja za silikoni za aina ya NPN, kama BC108. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu inageuza upande wa betri. Katika saketi ya NPN upande hasi wa betri ndio unaounganishwa na ardhi, yaani sehemu ya saketi inayohesabiwa kuwa volti 0. Katika saketi ya PNP ya asili ni upande chanya unaounganishwa na ardhi, na volteji zote nyingine husomeka zikiwa na alama ya kutoa.

Kolekta ya transista ya kwanza hupata umeme kupitia rezista ya kiloomu 33. Kolekta ya transista ya pili hupata umeme kupitia rezista mbili zilizofuatana, moja ya omu 470 na nyingine ya kiloomu 8.2, na sauti hutolewa pale zinapokutana. Emita ya transista ya pili huenda kwenye ardhi kupitia kidhibiti cha kiloomu 1, ambacho ndicho kitufe cha kuzidisha mkwaruzo. Rezista ya kiloomu 100 hurudisha sehemu ya volteji kutoka emita hiyo hadi besi ya transista ya kwanza. Kwa njia hiyo transista hizo mbili hushikana: ya kwanza ikibadilika, ya pili nayo hubadilika. Ni vizuri kulikumbuka hili wakati wa kupima, maana volteji mbaya kwenye transista ya pili inaweza kuwa na chanzo chake kwenye ya kwanza.

Kabla ya kupima

Multimita huwekwa kwenye upimaji wa volteji ya mkondo mnyoofu, kwa kiwango cha volti 20. Waya mweusi hushikizwa kwenye ardhi ya saketi, kwa mfano kwenye chuma cha nje cha jeki ya kutolea sauti, na waya mwekundu hutumika kugusa sehemu moja baada ya nyingine. Gitaa halihitajiki.

Hata hivyo ni lazima plagi iwe imechomekwa kwenye jeki ya kuingizia. Katika pedali nyingi jeki hiyo ndiyo swichi ya betri: ni jeki ya stirio, na plagi ya mono inapoingia huunganisha betri na ardhi. Plagi isipokuwepo saketi haina umeme kabisa, na vipimo vyote vitakuwa sifuri au namba zinazopepea. Pedali nyingi nzima zimewahi kufunguliwa na kulehemiwa upya kwa sababu ya jambo hili tu.

Kuhusu usalama, volti 9 haziwezi kumdhuru mtu anayegusa saketi. Adapta ni jambo jingine, kwa kuwa ndani yake mna umeme wa ukutani, ambao katika nchi nyingi ni volti 230. Adapta yenye hitilafu haifunguliwi wala kutengenezwa na mwanafunzi.

Umeme unaoingia

Kipimo cha kwanza ni cha chanzo chenyewe. Betri mpya ya alkali ya volti 9 husoma takriban volti 9.5 ikiwa haijatumika. Betri ikisoma volti 9 ikiwa nje, kisha ikashuka hadi volti 2 au 3 mara tu inapounganishwa, kuna sehemu ambapo umeme unapita moja kwa moja kwenda ardhini. Chanzo huwa ni tone la lehemu lililounganisha njia mbili za shaba, waya uliogusa kisanduku cha chuma, au kapasita ya elektroliti iliyowekwa kinyume.

Kupima mkondo husaidia hapa. Fuzz Face inayofanya kazi hutumia takriban miliampea 1 au pungufu. Multimita ikiwekwa kati ya betri na saketi na kuonyesha miliampea 50, hakuna haja ya kushuku transista kwanza. Kuna njia ya mkato. Ikionyesha sifuri, njia ya umeme imekatika mahali fulani.

Adapta huleta matatizo ya aina yake. Pedali nyingi hutumia plagi ambayo tundu la katikati ni hasi, ilhali adapta za vifaa vingine vya nyumbani mara nyingi zina chanya katikati. Vilevile adapta za zamani zisizo na udhibiti wa volteji zinaweza kuandikwa volti 9 lakini zikatoa volti 13 au zaidi zisipokuwa na mzigo mkubwa, na pedali ya miliampea 1 si mzigo mkubwa. Ndiyo maana adapta hupimwa kabla ya kuchomekwa, na kinachopimwa ni mambo mawili: kiasi na upande.

Watengenezaji wengi huongeza dayodi ya kinga dhidi ya kugeuza umeme. Dayodi ya kawaida kama 1N4001 ikiwekwa kwenye njia ya umeme huchukua takriban volti 0.6 hadi 0.7, hivyo saketi hupata kama volti 8.3 badala ya 9. Hilo si kosa. Dayodi ya Schottky kama 1N5817 huchukua kidogo zaidi ya nusu ya kiasi hicho au pungufu.

Volteji za transista

Kipimo chenye maana kuliko vyote katika Fuzz Face ni kolekta ya transista ya pili. Inatakiwa iwe karibu na nusu ya volteji ya betri, yaani takriban volti 4.5. Sababu yake ni rahisi: ishara ya gitaa hupanda na kushuka, nayo inahitaji nafasi pande zote mbili. Kolekta ikikaa karibu na volti 9 au karibu na sifuri, upande mmoja wa wimbi hauna pa kwenda, na noti hutoka ikiwa imekatika kabla ya wakati wake.

Namba nyingine zinaweza kukokotolewa kwa sheria ya Ohm. Kolekta ikiwa volti 4.5, basi volti 4.5 zilizobaki ziko juu ya rezista za omu 470 na kiloomu 8.2, jumla kiloomu 8.67. Mkondo ni 4.5 gawanya kwa 8.67, sawa na miliampea 0.52. Karibu mkondo wote huo hupita kwenye kidhibiti cha kiloomu 1, hivyo emita husoma takriban volti 0.5. Mahali rezista mbili zinapokutana patasoma takriban volti 8.8. Besi ya transista ya pili, ambayo ndiyo pia kolekta ya transista ya kwanza, huzidi emita kwa volti 0.1 hadi 0.2 ikiwa ni gerimani na kwa takriban volti 0.6 ikiwa ni silikoni. Besi ya transista ya kwanza, ambayo emita yake iko ardhini, hufuata tofauti hiyohiyo: volti 0.1 hadi 0.2 kwa gerimani, 0.6 kwa silikoni.

Namba hizi zikiwa mkononi, makosa hujitaja. Kolekta ya pili ikisoma takriban volti 1 huku kolekta ya kwanza ikiwa juu kidogo ya hapo, transista ya pili imefunguka kabisa. Mara nyingi ni kwa sababu ya kwanza haipitishi umeme: imekufa, imelehemiwa vibaya au rezista ya kiloomu 100 haijashika. Kolekta ya pili ikisoma volti 9 kamili, transista hiyo haipitishi chochote. Hapo huangaliwa kama kidhibiti cha kiloomu 1 kimefika ardhini, na kama kolekta ya transista ya kwanza imeshuka hadi karibu sifuri.

Rangi za rezista hudanganya wengi, hasa chini ya taa hafifu. Kiloomu 8.2 ni kijivu, nyekundu, nyekundu. Omu 820 ni kijivu, nyekundu, kahawia. Omu 820 zikiwekwa mahali pa kiloomu 8.2, kolekta ya pili itasoma takriban volti 8.3, na sauti itakuwa dhaifu ingawa kila sehemu ni nzima. Rezista hupimwa kwa multimita kabla ya kulehemiwa. Baada ya hapo sehemu nyingine za saketi huharibu kipimo.

Kosa jingine ni miguu ya transista. BC548 na 2N3904 zote ni NPN na zina umbo moja la plastiki nyeusi, lakini upande bapa ukitazamwa, BC548 ina kolekta, besi, emita kutoka kushoto, nayo 2N3904 ina emita, besi, kolekta. Transista iliyogeuzwa hivyo haifi palepale. Huendelea kukuza kidogo, na kwa hiyo pedali hutoa sauti, ila mbovu. Hitilafu ya namna hii huchosha kuliko pedali iliyo kimya.

Saketi ya silikoni yenye rezista ya kiloomu 8.2 mara nyingi husoma chini ya volti 4.5 hata kama haina kosa, kwa sababu emita hupanda juu ya volti 0.6 na mkondo huongezeka. Kwa hiyo watengenezaji wengi huweka kidhibiti kidogo cha kugeuzwa kwa bisibisi mahali pa rezista hiyo na kukizungusha hadi kolekta ifike volti 4.5.

Gerimani na joto

Transista za gerimani huvujisha mkondo hata besi isipopewa umeme, na uvujaji huo huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Pedali iliyowekwa sawa asubuhi kwenye chumba chenye baridi inaweza kuwa na volteji tofauti kabisa jukwaani chini ya taa, au mchana katika mji wa joto kama Mombasa. Hata joto la kulehemu hubadilisha kipimo, hivyo husubiriwa dakika kadhaa transista ipoe. Transista hizi ni za zamani na nzuri ni chache, kwa hiyo wengi huziweka kwenye soketi badala ya kuzilehemu.

Ardhi chanya na pedali nyingine

Pedali ya PNP yenye ardhi chanya haiunganishwi kwenye adapta moja pamoja na pedali za kawaida. Waya wa gitaa huunganisha ardhi za pedali zote. Ardhi moja ikiwa upande chanya wa adapta na nyingine upande hasi, pande hizo mbili hukutana kupitia kinga ya waya, na adapta hupata njia ya mkato. Ufumbuzi wa bei rahisi ni kuipa pedali hiyo betri yake peke yake, au tundu lililotengwa kwenye chanzo cha umeme.

Ufumbuzi mwingine ni aisii ya kugeuza volteji, kama ICL7660 au MAX1044, inayotoa volti 9 hasi kutoka volti 9 chanya. Aisii hizi hazivumilii zaidi ya volti 10 na kidogo. Adapta isiyodhibitiwa iliyotajwa juu huziua mara moja. Pia huweza kuingiza mlio mwembamba kwenye sauti. Katika MAX1044 na 7660S, kuunganisha pini ya 1 na ya 8 hupandisha masafa ya mlio huo hadi sikio lisiusikie.

Pedali zenye aisii

Pedali zinazotumia aisii za kukuza ishara, kama JRC4558 au TL072, hupimwa kwa namna hiyohiyo. Pini ya 8 inatakiwa kusoma takriban volti 9, pini ya 4 volti 0, na pini nyingine zote karibu volti 4.5. Volti 4.5 hizo hutoka kwenye rezista mbili zinazolingana, mara nyingi kiloomu 10 kila moja, zilizofuatana kati ya chanya na ardhi. Pini ya 1 au ya 7, ambazo ni za kutolea, ikiwa imeganda karibu na volti 9 au 0, huangaliwa kwanza kama pini za kuingizia za upande huo zinapata volti 4.5.

Hapa multimita yenyewe inaweza kupotosha. Multimita nyingi za kidijiti zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Pini inayopata volti 4.5 kupitia rezista ya megaomu 1 itasoma takriban 4.1, kwa sababu multimita inavuta sehemu ya umeme huo. Multimita ya mshale, yenye ukinzani mdogo zaidi, itasoma chini zaidi ya hapo. Katika hali hiyo hupimwa pini ya kutolea: ikisoma 4.5, pini ya kuingizia haina tatizo.