Ndigana Kali: Chanjo ya Aina Tatu Inapokutana na Nyati

Ndama mwenye ndigana kali huvimba kwanza tezi lililo chini ya sikio, karibu na pale kupe alipomng'ang'ania. Homa hupanda, mapafu hujaa maji, naye hufa akitweta huku povu likimtoka puani. Kimelea chenyewe ni Theileria parva. Huingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzifanya zigawanyike ovyo, mithili ya saratani.

Tumboni mwa kupe ndimo vimelea hivi hujamiiana. Kupe akinyonya damu yenye aina mbili, vinasaba vya aina hizo huchanganyika na huenda ikazaliwa ya tatu.

Ndiyo maana ng'ombe aliyepona aina moja anaweza kuuawa na nyingine. Miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, waliamua kuunganisha aina tatu katika chanjo moja: ya Muguga yenyewe, ya Kiambu, na ya Serengeti iliyotokana na nyati. Si chanjo ya kawaida hii. Kupe walioambukizwa husagwa, vimelea vikiwa hai hugandishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, kisha ndama huchomwa vimelea hivyo papo hapo pamoja na dawa ya oksitetrasaikilini inayokaa mwilini muda mrefu, ili augue kidogo tu na kujijengea kinga. Wafugaji wa Kimasai kaskazini mwa Tanzania waliichangamkia. Ndama aliyechanjwa huvishwa hereni, na hereni hiyo humpandisha bei mnadani.

Vinasaba vya chanjo viliposomwa, pakatokea jambo la kustaajabisha: aina ya Muguga na ile ya Serengeti zinakaribia kuwa kitu kimoja. Iliyo mbali nazo ni ya Kiambu. Kwa hesabu hiyo, chupa ya aina tatu ina mbili na ushei!

Hata hivyo imeokoa mifugo mingi, hasa pale ambapo ng'ombe huambukizana wenyewe kwa wenyewe kupitia kupe. Mambo hugeuka nyati wakiwa jirani. Nyati huishi na kimelea bila kuugua, na damu yake imebeba aina nyingi kuliko ya ng'ombe. Huko Ol Pejeta, Laikipia, ng'ombe waliochanjwa walipolishwa penye nyati, chanjo haikuwakinga vya kutosha. Mfugaji anayepakana na hifadhi bado anahitaji josho, hata kama kundi lake lote lina hereni.