Funga Tundu la Lenzi, Likoni Ionekane

Picha nyingi zinazopigwa siku hizi Likoni, Kisauni na Changamwe, hapa Mombasa, zingeweza kupigwa mji wowote duniani. Uso umetoka safi, hata kope zahesabika, lakini nyuma yake hakuna kibanda cha viazi karai, hakuna tuktuk, hakuna meli inayoingia Kilindini. Pamebaki ukungu wa rangi tu. Ukungu huo unatokana na uamuzi mmoja. Mpiga picha amenunua lenzi ya milimita 50, akasikia kwamba picha ya kitaalamu ni ile iliyotiwa ukungu nyuma, basi tundu la lenzi analiacha wazi kabisa, f/1.8, asubuhi hadi jioni. Kwa picha za kila siku za upande wetu huu wa ng'ambo ya kisiwa, nashikilia kwamba mahali pa kuanzia ni f/8, na anayetaka kufungua zaidi awe na sababu.

Namba hizi huwachanganya wanaoanza kwa kuwa zinakwenda kinyume: namba ikipungua, tundu linapanuka. Kutoka f/2.8 kwenda f/4, f/5.6, f/8, f/11 hadi f/16, kila hatua inakata mwanga nusu, na kila hatua inaongeza eneo linalotoka wazi mbele na nyuma ya pale ulipolenga. Chukua picha ya familia kwenye harusi Mtopanga: bibi kakaa kitini, mashangazi wamesimama nyuma yake, vijana wako nyuma kabisa. Kwa lenzi hiyo ya milimita 50 kwenye kamera ya kawaida yenye kihisio kidogo (kile kinachopokea mwanga), ukisimama mita 4 na kupiga kwa f/1.8, eneo linalotoka wazi halifiki hata nusu mita. Bibi atatoka vizuri na vijana watageuka vivuli, na hakuna programu itakayowarudisha. Kwa f/8 unapata takribani mita 2, safu zote tatu zinaingia. Na ile lenzi ya 18 hadi 55 inayokuja na kamera, ambayo wengi huidharau, ukiiweka kwenye milimita 18 na f/8, ukalenga kitu kilicho mita 2 mbele yako, kila kitu kuanzia kama mita 1 hadi upeo wa macho kitaonekana wazi. Ufukweni Shelly Beach, mtoto mwenye mchanga magotini na meli ya makontena inayopita nyuma yake watakaa katika picha moja, kila mmoja akisomeka.

Jua letu nalo linaunga mkono hoja hii. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mchana wa Machi na Oktoba jua hukaa karibu sawa na utosi. Wapiga picha wa zama za filamu walikuwa na kanuni: kwenye jua kali, weka f/16 na kasi ya shata ilingane na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Kwa ISO 100, kasi ni sehemu ya 1/100 ya sekunde. Ukifungua hadi f/8 unahitaji 1/400, jambo rahisi kwa kamera yoyote. Ukifika f/1.8 unahitaji karibu 1/8000, na kamera nyingi za bei nafuu zinaishia 1/4000. Ndiyo maana kanzu za Idi zinatoka zimeungua, nyeupe tupu, hata darizi ya shingoni haionekani. Lakini msiruke hadi f/22 mkidhani mmepona: tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika ukingoni mwake, na picha nzima inapoteza ukali.

Kuna ushahidi mwingine, na huu ni wa hapa hapa. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni walijenga vibanda vya studio na kuvipamba kwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, aliandika juu yao katika jarida la African Arts mwaka 2000. Wengi wa wateja wao walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi Mombasa, na picha zilipelekwa nyumbani. Mteja yule alilipia pazia kama alivyolipia uso wake. Mtu atasema pazia si Likoni halisi. Kweli, lakini lilitakiwa lionekane, kwa sababu ndilo lililomweleza mama kijijini mwanawe amefika wapi.

Wapo watakaouliza: na nyaya za umeme, na taka, na mabango ya Changamwe, tuyaache yaharibu picha? Ukungu hauyaondoi. Mtungi mwekundu wa plastiki ukitiwa ukungu unakuwa doa jekundu kubwa zaidi, tena begani kwa bibi harusi. Dawa yake ni kusogea hatua mbili. Wengine watasema mteja ndiye anayetaka ukungu, naye ndiye mwenye pesa. Mpe picha moja au mbili za uso kwa f/2, kisha mpigie zilizobaki kwa f/8. Baada ya miaka ishirini atatafuta duka la babake lilivyokuwa. Pingamizi lenye nguvu ni la giza. Baada ya magharibi, kwenye taa za vibanda vya Kongowea, f/8 inalazimisha ISO kupanda mpaka picha ijae chembechembe. Hapo fungua, f/2.8 au hata f/1.8, na hiyo ndiyo sababu niliyoitaka. Wenye simu hawana shida ya ukungu wa lenzi kwa kiasi kikubwa: tundu la simu nyingi halibadiliki, na kwa udogo wa kihisio chake karibu kila kitu hutoka wazi. Wazime tu ule ukungu wa kutengenezwa, unaokata ncha ya mtandio na nusu ya sikio.

Idi ijayo, geuza gurudumu la kamera hadi A au Av, chagua f/8, angalia kasi ya shata isishuke chini ya 1/125, kisha msimamishe mtu wako mbele ya mlango wa kwao.