Kila Chupa na Jina Lake: Utunzaji wa Dawa za Usafi Nyumbani

Nyumba yaweza kufagiliwa asubuhi na jioni, vyombo vikang'aa na mashuka yakanukia sabuni, ilhali hatari imekaa chini ya meza ndani ya chupa ya soda. Chupani mna mafuta ya taa, dawa ya choo au sumu ya kunguni. Mtoto aliyetoka kucheza juani haoni sumu, anaona soda. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba usafi wa nyumba haukamiliki bila mpangilio.

Unaponunua

Sabuni za maji na dawa za kusafishia huuzwa mara nyingi katika chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika. Bei yake huvutia, lakini chupa hiyo haisemi kilichomo, nani amekitengeneza wala namna ya kukitumia. Chagua bidhaa iliyofungwa vizuri, yenye jina la mtengenezaji, maelekezo, tahadhari na alama ya ubora ya TBS. Kujua unachonunua ni haki yako. Dai pia risiti na uitunze, kwani ndiyo ushahidi wako endapo utakuwa na malalamiko.

Unapohifadhi

• Acha kila bidhaa katika chombo chake cha asili. Mafuta ya taa ya kupimwa yawekwe katika dumu lisilofanana na chombo cha kinywaji, lililoandikwa jina kwa wino usiofutika, mbali na moto.

• Tenga dawa na chakula. Unga wa kuulia mende usikae rafu moja na unga wa ugali.

• Weka dawa mahali pa juu penye kufuli. Kwa anayeishi katika chumba kimoja, sanduku dogo lenye kufuli juu ya kabati imara latosha. Chini ya kitanda si mahali salama, kwani mtoto anayetambaa hufika huko kabla yako.

• Usitumie tena makopo ya viuatilifu kwa maji au chakula, hata yakioshwa. Makopo ya dawa za kupuliza yasitupwe motoni, kwani hulipuka.

Unapotumia

Wengi hudhani kwamba dawa mbili zikichanganywa husafisha maradufu. Sivyo. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa mvuke mwingine wenye sumu. Gesi hizo huunguza macho na njia ya hewa, na hatari huzidi katika choo kidogo kisicho na dirisha. Tumia dawa moja tu, acha mlango wazi, kisha suuza kwa maji mengi.

Ajali ikitokea

Mtu akinywa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia, usimtapishe wala usimpe maziwa kwa kufuata mazoea. Mafuta ya taa yakipanda tena yaweza kuingia mapafuni, na dawa kali huunguza koo kwa mara ya pili. Dawa ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Katika hali zote mbili, mwahishe mgonjwa katika kituo cha afya, na ubebe chupa yenyewe. Mganga akisoma lebo hujua anapambana na nini. Chupa ya soda haitamwambia lolote.

Kabla ya kulala leo, pitia jikoni, chooni na uvunguni. Kila chupa usiyoweza kuitaja jina kwa uhakika, iondoe mahali watoto wanapofikia. Na ukikuta dukani dawa ya usafi isiyo na lebo, tupe taarifa, ili isifike nyumbani kwa jirani yako.