Emuleta isimsahihishe mwenye sura

Mpwa wangu anayeishi Matulo, kaunti ya Bungoma, alinipigia simu: "Mjomba, emuleta yangu ya Nintendo inafeli majaribio, na kitabu nimekifuata neno kwa neno." Nikamwambia, fuata chipu, usifuate kitabu peke yake.

Ndugu msomaji, emuleta ni programu inayoigiza prosesa ya mashine nyingine. Nintendo ya mwaka 1983 ilitumia chipu ya ukoo wa 6502, iliyotoka mwaka 1975. Kumbukumbu yake huhesabiwa kwa kurasa za baiti 256, na anwani hukaa katika baiti mbili. Amri moja ya kuruka husoma anwani hiyo kwenye kumbukumbu. Baiti ya kwanza ikiwa mwisho wa ukurasa, ya pili ingesomwa ukurasa unaofuata. Chipu halisi hurudi mwanzo wa ukurasa uleule!

Ni kosa, na toleo la baadaye, 65C02, lililirekebisha. Lakini programu za Nintendo zilijaribiwa kwenye chipu yenye kosa. Emuleta ikilisahihisha, yaweza kuipeleka programu mahali ambapo mashine yenyewe haifiki.

Dawa ni kuendesha programu ya majaribio na kulinganisha rejista, amri kwa amri, na rekodi iliyothibitishwa. Zinapoachana, hapo ndipo pa kurekebisha. Mpwa wangu alilikuta kosa lake kwenye amri hiyohiyo.

Mashine hizi zinakufa moja moja. Emuleta ndiyo itakayobaki kutueleza zilivyokuwa, basi isizipambe.