Je, Wajua? Jiji Lililoota Shambani

Arusha ni kahawa. Tangu enzi za Wajerumani, waliojenga boma lao hapa mwaka 1900, walowezi walilima mashamba makubwa ya kahawa chini ya Mlima Meru. Wameru na Waarusha nao waliipanda kati ya migomba, inayoipa kivuli. Kisha watu wakajaa: sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 416,000 hivi jijini, ya 2022 ikapita 617,000. Nyumba zikaingia shambani. Bahati nzuri, ukielekea uwanja wa ndege wa Kisongo, shamba la Burka bado lipo. Mibuni ikichanua maua yake meupe, hunukia kama asmini. Ardhi hiyo ikishajengwa, hairudi kuwa shamba. Ilindwe.