Ghala Nyuma ya Nyumba

Usiku, mlango ukiisha kufungwa, nani wanalala katika nyumba yako? Utasema: mimi, mke wangu na watoto. Lakini tazama vizuri. Katika pembe iko mifuko ya mahindi na maharagi. Juu ya moto yametundikwa mahindi ya mbegu. Chini ya kitanda kimo kikapu cha karanga. Mahali chakula kinapolala, panya naye hulala. Hakukujia wewe, alifuata posho.

Katika Ituri jambo hili si hasara ya mahindi tu. Huko kwenye milima ya Djugu na Mahagi ugonjwa wa tauni umekaa tangu siku za babu zetu. Mwaka 2020 ulionekana tena katika eneo la afya la Rethy, na watu walikufa. Tauni ni ugonjwa wa panya kwanza. Vijidudu vyake, ambavyo mganga Alexandre Yersin alivigundua kule Hong Kong mwaka 1894, hukaa katika damu ya panya, na kiroboto huvinyonya pamoja na damu ile. Panya akifa, mwili wake unapoa, na kiroboto anatoka kutafuta damu ya moto mahali pengine. Kama panya amekufa nyuma ya mifuko yako, damu iliyo karibu ni ya mtoto anayelala juu ya mkeka.

Sasa utafahamu kwa nini tunakuambia: usianze na dawa ya panya. Watu wanakasirika, wananunua sumu sokoni, wanaitega usiku, na asubuhi wanafurahi kuona panya kumi wamekufa. Mahali penye tauni furaha hiyo ni ya hatari, kwa sababu viroboto wa panya wale kumi wamebaki ndani ya nyumba, nao wana njaa. Viroboto wapaswa kufa kwanza, ndipo panya. Kazi hiyo ifanye kwa shauri la mwuguzi wa dispansari. Kazi yako wewe ni kuondoa chakula mahali mnapolala.

Basi kiende wapi? Jenga ghala ndogo nyuma ya nyumba. Metre moja na nusu kila upande yatosha kwa jamaa nyingi. Huhitaji fundi wala saruji.

Shughulika sana na miguu, maana ghala nzima inasimama au inaanguka hapo. Tafuta miti minne iliyonyoka, migumu. Sehemu itakayoingia ardhini ichome motoni mpaka iwe nyeusi, mchwa wasiile upesi. Sakafu ya ghala iwe juu ya ardhi metre moja kamili, kwa sababu panya mkubwa huruka juu kupita goti la mtu. Lakini panya hupanda mti pia, kwa hiyo kila mguu uvalishe kofia ya bati. Kata bati la zamani liwe duara, lipasue mpaka katikati, likunje kama faneli iliyofunikwa, kisha lipigilie misumari karibu na sakafu. Ukingo wake utoke nje ya mti sentimetre 25 kila upande. Panya akipanda anafika chini ya kofia, hawezi kuizunguka, anarudi. Huna bati? Pasua debe tupu la mafuta, uuzungushie mguu bati lile laini, lipate nusu metre ya urefu. Usiache nafasi kati ya bati na mti.

Watu wengi wanafanya kofia nzuri sana, halafu wanaegemeza jembe kwenye mguu wa ghala. Panya atapanda kwa mpini wa jembe. Hata ngazi usiiache pale. Ukiisha kutoa chakula, iondoe. Kata matawi ya mti ulio karibu, na ghala iwe mbali na ukuta wa nyumba hatua tatu au nne. Chini yake pawe pamefagiwa, pasiwe na kuni wala majani.

Kuta ni kazi rahisi. Kwa mahindi yenye maganda tumia mianzi au matete, upepo upite. Kwa maharagi na mahindi yaliyopukuchwa paka udongo ndani na nje. Nyasi za paa zishuke chini, mvua isipige kuta.

Hapa wengi watajibu: Na wezi, je? Neno hili ni la kweli, wala halichekwi. Tena wako waliokwisha kukimbia vita, ambao hawapendi chakula kiwe mbali na mkono. Basi mlango wa ghala utazame dirisha lako, uwe na kufuli. Kama bado moyo haukutulii, weka nyumbani posho ya siku chache katika pipa la chuma lenye kifuniko. Pipa moja la namna hiyo ni heri kuliko mifuko mitano, kwa maana mfuko haumzuii panya hata usiku mmoja.

Usijaze ghala mahindi mabichi. Twaa chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, funga, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikishika kioo, rudisha mahindi juani. Ukungu wa mahindi na wa karanga una sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi.

Siku ya kuhamisha chakula, fanya kazi mchana. Watoto wakae mbali. Lakini ukikuta panya aliyekufa nyuma ya mifuko, wala hakuna aliyetega sumu, simamisha kazi. Usimshike kwa mkono, wala mtoto asimwoke. Toka pamoja na watu wote, ukamwambie mwuguzi siku ile ile. Kwa muda wa siku saba mwangalie kila mtu wa nyumba. Akipata homa kali na kichwa kuuma, na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo, apelekwe hospitali mara moja. Akikohoa damu, afunike kinywa kwa kitambaa, na watu wasimkaribie ovyo, kwa kuwa tauni ya mapafu hupita kutoka mtu kwa mtu bila kiroboto. Dawa zake ziko, nazo zinaponya zikitolewa mapema. Mifuko itangoja.